Coill Dubh, kijiji kilichojengwa kwa ajili ya mboji

Ukitoka Dublin kuelekea magharibi, kabla saa moja ya gari haijaisha, barabara huanza kupanda na kushuka bila kuwapo kilima chochote. Lami imemwagwa juu ya kinamasi, na kinamasi hakitulii: pale kilipokauka kinadidimia, pale penye maji kinabaki juu, na gari linayumba mwendo wote. Huku na huku ni nchi tambarare ya rangi ya kahawia, mitaro mirefu iliyonyooka, na miti midogo iliyoota yenyewe. Hii ni kaskazini mwa kaunti ya Kildare, katika eneo la vinamasi liitwalo Bog of Allen. Katikati ya nchi hiyo, mbali na mji wowote mkubwa, unakutana na safu za nyumba zinazopinda kuzunguka viwanja vya majani, zimepangwa kwa uangalifu ambao mtu huutarajia mjini.

Kijiji hicho kinaitwa Coill Dubh. Vijiji vingi vya Ireland vimekua kidogo kidogo kuzunguka kanisa, daraja au soko. Hiki kilichorwa kwanza kwenye karatasi, kikajengwa kwa mkupuo, na familia zikahamia mwaka 1952. Ni nyumba takriban 160. Mjenzi alikuwa shirika la umma, Bord na Móna, na lengo lilikuwa kupata watu wa kudumu wa kuchimba mboji (peat, udongo wa kinamasi unaowaka ukikauka) ya kulisha kituo cha kufua umeme cha Allenwood kilichokuwa jirani.

Nimekaa Kildare miaka mingi sasa, na kazi yangu ni kutunza wazee. Ukitunza wazee wa upande huu, mboji itakufikia tu hata kama hukuitafuta. Huyu aliendesha treni ya mboji, yule alikuwa fundi karakana, mwingine alisimamisha matofali ya mboji tangu akiwa na miaka kumi na minne. Na mimi nimezaliwa Tanga, kwenye mkonge. Familia yetu ilifika huko kwa mkataba, ikakaa kwenye nyumba za kambi, chumba kimoja watu wote, bomba moja kwa safu nzima. Kwa hiyo popote ninapokwenda, nikisikia habari za kiwanda cha shambani, swali langu la kwanza ni moja: wafanyakazi walilazwa wapi?

Siku hizi mboji ya Ireland ikitajwa, inatajwa kwa habari ya hewa ya ukaa. Ni sawa, na nitafika huko. Lakini kuna habari ya nyumba ambayo inasahaulika, nami naona ndiyo kubwa zaidi.

Kwanza mboji yenyewe, kwa asiyeijua. Ni mimea iliyokufa ikashindwa kuoza. Barafu kuu ilipoyeyuka miaka kama elfu kumi iliyopita, iliacha maziwa mengi ya kina kifupi katikati ya Ireland. Matete yakaota, yakafa, yakajaza maziwa. Juu yake kikaota kimea laini kiitwacho sfagnamu, ambacho hunyonya maji mengi kupita kiasi na kuyafanya kuwa na tindikali. Ndani ya maji hayo hewa haipiti, vijidudu vya kuozesha havifanyi kazi, na mabaki ya mimea yanalundikana tabaka juu ya tabaka. Kwa wastani huongezeka milimita moja kwa mwaka. Mita moja ya mboji, basi, ni miaka elfu moja, na vinamasi vya katikati ya Ireland vilikuwa na mita nyingi. Ikiwa bado kinamasini, zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji. Ikikauka inawaka polepole, kwa moto mtulivu na harufu ambayo Waairishi walio ugenini huikumbuka mpaka machozi yawatoke.

Kwetu pia ipo. Wanyarwanda na Warundi wanaiita nyiramugengeri, na bonde la mto Akanyaru kwenye mpaka wao lina akiba kubwa. Katika bonde la kati la Kongo, mwaka 2017 watafiti walitangaza ramani ya vinamasi vya mboji vyenye ukubwa wa kilomita za mraba 145,500. Hakuna eneo la mboji la kitropiki lililounganika linalolizidi hilo duniani.

Kwa karne nyingi Mwairishi alikata mboji yake mwenyewe. Alikuwa na koleo maalumu liitwalo sleán, lenye bawa pembeni ili likate pande mbili kwa mkupuo mmoja. Mboji mbichi hukatika kama halua, ila ni nzito, na inadondosha maji meusi. Kila familia ilikuwa na haki yake kwenye kipande cha kinamasi, na msimu wa masika kijiji kizima kilihamia huko na birika la chai. Wazee wangu wote, wake kwa waume, wanaapa kwamba hakuna chai tamu duniani kuishinda ile iliyochemshwa kinamasini juu ya moto wa mboji. Sijakutana na mmoja anayepinga.

Kuigeuza mboji kuwa kiwanda lilikuwa jambo jingine. Injinia Sir John Purser Griffith alianza kujaribu kwa mashine huko Turraun, kaunti ya Offaly, mwaka 1924, kwa fedha zake mwenyewe. Serikali ya nchi changa iliyojitoa mikononi mwa Waingereza ilikuwa na sababu ya kumwangalia: Ireland haina makaa ya mawe ya kutosha, ilikuwa inayanunua Uingereza, na nchi inayonunua moto wake kwa mtawala wa jana haijajitawala vizuri. Mwaka 1934 ikaundwa Bodi ya Kuendeleza Mboji, na kiongozi wake akawa Todd Andrews, mtu wa Dublin aliyekuwa mpiganaji wa uhuru tangu ujana wake. Mwaka 1935 Andrews na wenzake walikwenda Ujerumani na Umoja wa Kisovyeti kuangalia namna wenzao wanavyochimba mboji kwa mashine na kuitumia kwenye vituo vya umeme. Walirudi wamesadiki. Wakainunua Turraun, wakaingia kwenye kinamasi kikubwa cha Clonsast na mashine za Kijerumani.

Kisha vita vikaja.

Ireland haikupigana katika Vita Kuu ya Pili, lakini Uingereza ilihitaji makaa yake yenyewe, na meli za makaa kwenda Dublin zikapungua mwaka hadi mwaka. Mji wa watu laki kadhaa ukawa hauna cha kupikia wala cha kujikinga na baridi. Serikali ikamteua Hugo Flinn kusimamia kampeni ya mboji, halmashauri za kaunti zikaamriwa kukata, na jeshi nalo likatumwa vinamasini. Barabara kuu iliyopita katikati ya bustani ya Phoenix Park jijini Dublin ikapangwa marundo ya mboji marefu pande zote mbili, milima halisi ya mboji ndani ya jiji. Nyingine ilifika mjini kwa mashua za mfereji wa Grand Canal. Mara nyingi ilikuwa mbichi, ikitoa moshi kuliko moto, na akina mama wa Dublin waliilaani, lakini ndiyo iliyokuwapo.

Karibu zaidi na Dublin palikuwa na vinamasi vya Kildare, na Kildare haikuwa na vibarua wa kutosha. Wakaletwa wanaume kutoka magharibi na kusini-magharibi: Mayo, Galway, Donegal, Kerry. Wengi walitoka kwenye vijishamba vya mawe ambavyo havikuweza kulisha familia, na baadhi walizungumza Kiairishi kuliko Kiingereza. Wakajengewa kambi kandokando ya vinamasi. Nyingine ziliwekwa kwenye majengo yaliyokuwapo, mojawapo ikiwa kambi kuukuu ya kijeshi ya Newbridge. Zilikuwa kambi za wanaume tu: vitanda vya ghorofa, bwalo la chakula, jiko la chuma katikati ya banda, nguo zilizolowa zikining'inia juu ya vichwa vya waliolala.

Mzee mmoja niliyemtunza alinisimulia habari za baba yake, aliyekuja kutoka Connemara, kaunti ya Galway, akiwa kijana. Siku ya kwanza, alisema, walipewa koleo na kuonyeshwa mstari. Malipo yalikwenda kwa kipimo cha kilichokatwa, na mvua ikinyesha hakuna kipimo. Jioni viatu viliwekwa kuzunguka jiko mpaka ngozi inakakamaa, asubuhi vinavaliwa hivyo hivyo. Jumamosi barua za nyumbani zilisomwa kwa sauti kwa wale wasiojua kusoma Kiingereza. Chakula ndicho kilichozua ugomvi zaidi ya mshahara: mtu aliyekata mboji kutwa nzima haridhiki na sahani ya mtu aliyekaa ofisini. Nilimuuliza kama baba yake aliichukia kambi. Akafikiri, akasema, "Hakuichukia. Lakini hakuna aliyewahi kusema anataka mkewe aione."

Mshahara wa viwanda vya Uingereza ulikuwa mzuri kuliko wa kinamasini, na kijana yeyote mwenye nguvu aliujua. Kwa hiyo wakati wa vita serikali iliwawekea wafanyakazi wa mboji vikwazo vya vibali vya kusafiri, wasivuke bahari. Niliposoma habari hiyo niliikaa nayo kwa muda mrefu. Ofisi ya kuandikisha vibarua wa mkonge Tanganyika, waliyoiita SILABU, ilianzishwa miaka hiyo hiyo, 1944, ikawasafirisha watu kutoka Kigoma, Songea na Ruanda-Urundi kuja Tanga kwa mkataba, wengi bila wake zao. Sisemi kwamba mambo yalikuwa sawasawa. Hawa wa Ireland walikuwa raia katika nchi yao, na serikali iliyowabana waliweza kuipigia kura. Wetu hawakuwa na kura. Lakini wazo la msingi lilifanana: mfanyakazi ni mikono inayokodishwa msimu mmoja, na familia yake ni jambo la mbali lisilomhusu mwajiri. Kambi ni wazo hilo limejengwa kwa mbao na mabati.

Ndiyo maana kilichofuata kinanigusa.

Mwaka 1946 bodi ile iligeuzwa kwa sheria kuwa shirika kamili, Bord na Móna, likapewa mpango mkubwa: kuzalisha zaidi ya tani milioni moja za mboji ya mashine kwa mwaka. Sasa haikuwa dharura ya vita tena. Kituo cha kwanza cha umeme wa mboji kilifunguliwa Portarlington mwaka 1950, cha pili Allenwood mwaka 1952, chenye uwezo wa megawati 40. Kituo cha umeme hakiendeshwi kwa vibarua wa msimu peke yao. Kinataka madereva wa mashine, mafundi, watu wa reli, watu watakaokuwapo mwaka huu na miaka ishirini ijayo. Wanaume wa kambini walikuwa wanaoa, na aliyeoa aliondoka. Shirika lilikuwa na njia mbili: kuendelea kuleta wapya kila mwaka, au kuwajengea waliopo.

Likaamua kujenga, na likamwita Frank Gibney. Huyu alikuwa msanifu na mpangaji miji, mtu aliyekuwa akichora mipango ya miji ya Ireland wakati ambapo wengi waliona kupanga mji ni anasa. Kwa Bord na Móna alisanifu makazi kadhaa: Coill Dubh, Kilcormac, Rochfortbridge, Cloontuskert na mengineyo. Angeweza kuchora mistari miwili ya nyumba kandokando ya barabara, kazi ikaisha. Hakufanya hivyo. Alichora duara na nusu duara, viwanja vya wazi katikati, njia zinazokutana, na nyumba zinazotazamana badala ya kutazamana migongo.

Tembea pale kwa miguu uone. Nyumba zimeshikana kwa safu, ni za zege lililopigwa plasta, zina ghorofa moja juu, mabomba ya moshi yamesimama kwa mpangilio. Safu inapinda, kwa hiyo ukisimama mlangoni huoni ukuta mrefu usio na mwisho, unaona majirani. Mama akiwa jikoni anaweza kumwona mtoto wake anayecheza kwenye majani. Nyuma kuna bustani ya kutosha viazi na kabichi za familia. Nimeangalia nyumba za kazi katika nchi zaidi ya moja, na nasema bila kusita: mtu aliyechora hapa aliwafikiria wanawake na watoto kabla ya kufikiria umbali wa kwenda kazini. Nchi ilikuwa maskini wakati huo. Maelfu kwa maelfu walikuwa wanapanda meli kwenda kubeba zege Birmingham na London. Nchi hiyo maskini iliwajengea wachimbaji wa mboji nyumba zenye umeme ambazo leo, zaidi ya miaka sabini baadaye, zinakaliwa na watu na zinauzwa kwa bei ambayo wajukuu wa wachimbaji wanahangaika kuimudu.

Hayo hayaondoi tatizo lililokuwamo. Mwajiri alikuwa pia mwenye nyumba, na mahali ambapo kazi na paa viko kwenye mkono mmoja, mfanyakazi hupima maneno yake mara mbili. Pia kijiji kilikuwa mbali, chenye shughuli moja, na kila baba alikuwa kazi moja na jirani yake. Wake waliotoka mbali na kuletwa kwenye nchi hii tambarare walilia, wamesema wenyewe. Baadaye wapangaji walipewa nafasi ya kuzinunua nyumba zao, na hapo ndipo, kwa maoni yangu, kijiji kilianza kuwa chao kweli.

Watu waliohamia walikuja na vitu vyao. Kildare ni kaunti ya mpira wa miguu wa Kiairishi, lakini wale wa Galway na kaunti nyingine za kusini na magharibi walikuja na hurling, mchezo wa magongo ambao Kildare haikuupa uzito. Klabu ya hurling ya Coill Dubh ni mojawapo ya zile kubwa za kaunti hiyo na imetwaa ubingwa wa Kildare mara nyingi. Jezi zile ni historia ya uhamiaji, anayejua ataisoma.

Kazi yenyewe sasa. Miaka ile ya mwanzo Timahoe, kinamasi kilicholisha Allenwood, kilitoa mboji ya matofali. Kwanza mitaro ilichimbwa na kinamasi kikaachwa kimwage maji kwa miaka, maana mashine haiwezi kusimama juu ya kitu chenye maji kiasi kile. Kisha ikaja mashine kubwa yenye mnyororo wa ndoo, asili yake Ujerumani, ambayo wafanyakazi waliiita bagger. Ilikwangua ukuta wa mtaro kutoka juu hadi chini, ikachanganya mboji ya juu iliyo changa na ya chini iliyokomaa, ikaikanda na kuisukuma nje ikiwa utepe mnene, mkono mrefu ukautandaza juu ya uwanja, visu vikaukata. Mashine moja ilifunika uwanja kwa matofali meusi mpaka upeo wa macho.

Lakini kuikausha ndiko kulikotaka mikono. Tofali likikaa chini kwa wiki kadhaa hushika ngozi upande wa juu na kubaki bichi upande wa chini. Ndipo linasimamishwa: unachukua manne au matano, unayaegemeza moja kwa jingine yakiwa wima, unaweka jingine juu, upepo upite katikati. Halafu hatua moja mbele, uiname tena. Safu ina urefu wa kukatisha tamaa. Malipo ni kwa safu. Kazi hii ilifanywa na familia nzima wakati wa kiangazi, akina mama na vijana wa shule wakiwamo, na fedha zake ndizo zilizonunua viatu vya kuanzia shule mwezi wa Septemba. Bibi mmoja aliwahi kunishika mkono akaniviringishia vidole vyake ndani ya kiganja changu kunionyesha tofali linavyoshikwa: si kwa ncha za vidole, maana mboji kavu hukwangua ngozi mpaka damu, bali kwa kiganja kizima, na kuliinua kwa magoti, si kwa mgongo. Alikuwa amesahau majina ya wajukuu. Hilo hakulisahau. Historia nyingi za mboji huandika mashine na wakurugenzi, na wanawake hawa hupewa mstari mmoja kama wakipata, ilhali bila wao Allenwood isingewasha taa.

Kwenye vinamasi vingine njia ilibadilika. Mboji ya kusagwa ilishika hatamu: trekta hukwangua tabaka jembamba la juu, lisilozidi sentimita moja na kidogo, jua na upepo hulikausha siku mbili tatu, linageuzwa, linakusanywa kwenye matuta, linapakiwa kwenye mabehewa ya reli nyembamba yenye upana wa futi tatu. Mtandao wa reli hizo ulikuwa miongoni mwa mikubwa ya aina yake Ulaya. Kituo cha Ferbane kilianza na mboji ya kusagwa mwaka 1957, vikafuata Rhode, Shannonbridge na vingine. Viwanda vya briketi vikatengeneza vipande vikavu vilivyofungwa kwa mikanda, ambavyo mpaka juzi kila duka la kijijini liliuza.

Madereva hawa waliona mambo. Mboji huhifadhi kila kinachozama ndani yake, na mara nyingi wa kwanza kukiona alikuwa mfanyakazi, si mwanachuo. Huko Longford, kwenye vinamasi vya Bord na Móna, iliibuka barabara ya mbao za mwaloni iliyojengwa mwaka 148 kabla ya Kristo, ikiwa bado na alama za mashoka. Huko Boora, Offaly, mwaka 1977 yaligunduliwa makazi ya wawindaji wa zaidi ya miaka elfu nane. Watu walikuwa wamelala pale pembezoni mwa ziwa kabla kinamasi chenyewe hakijawapo.

Kuporomoka kulianza taratibu. Biashara inayotegemea jua la Ireland ni biashara ya mashaka, na viangazi vya 1985 na 1986 vilikuwa vya mvua tupu. Shirika liliingia kwenye madeni mazito. Chini ya mkurugenzi Eddie O'Connor, tangu 1987, wengi walipewa kiinua mgongo na kuondoka, na waliobaki wakapangwa kwenye vikundi vidogo vilivyojisimamia na kulipwa kwa walichozalisha. Uzalishaji ulipanda. Lakini ajira ile ya baba, kisha mtoto, kisha mjukuu, ilikuwa imevunjika. Allenwood ilifungwa mwaka 1994, na miaka michache baadaye mnara wake wa kupoozea, uliokuwa ukionekana kutoka kila upande wa nchi hii isiyo na vilima, ukaangushwa kwa baruti.

Kwa Coill Dubh ulikuwa mtihani. Miji mingi ya kampuni hufa siku kampuni inapoondoka, tumeona hivyo kwenye mkonge pia, paa zimeanguka na minazi imeota sebuleni. Coill Dubh haikufa. Watu walikuwa na nyumba zao, shule, klabu, na Dublin ilikuwa karibu kiasi cha kwenda na kurudi. Wakabadilisha kazi bila kuhama. Siwezi kuthibitisha kwamba ni ule mchoro wa Gibney uliowashikilia, lakini naamini ulichangia. Hakuna anayepigania kubaki kambini.

Mwisho wa mboji yenyewe ulikuja baadaye, na sababu zake ni za haki. Kwa kila kipimo cha umeme, mboji hutoa hewa ya ukaa nyingi kuliko hata makaa ya mawe, na kinamasi kilichokaushwa huendelea kuitoa hata kisipochomwa. Vituo vya Shannonbridge na Lanesborough vilifungwa Desemba 2020. Januari 2021 Bord na Móna ilitangaza kuacha kabisa kuvuna mboji. Kituo cha Edenderry kiliacha kuichoma mwishoni mwa 2023. Sasa kuna mpango wa kurejesha hekta zipatazo 33,000 za vinamasi, na kwingine kuna mitambo ya upepo na paneli za jua, Timahoe ikiwamo.

Wafanyakazi wanaoziba mitaro ili maji yarudi kinamasini ni haohao, au watoto wa haohao, walioichimba. Mmoja aliniambia kwamba kazi ni nzuri, tinga ni lilelile na mshahara upo, lakini ni vigumu kuzungumza na baba yake kuhusu anachofanya kutwa. Baba alitumia miaka arobaini kuyatoa maji. Sikumcheka baba huyo na wala sipendi wanaomcheka. Aliambiwa na nchi yake kwamba anafanya jambo jema, na kwa ujuzi wa wakati ule lilikuwa jema: aliwasha taa za hospitali, alilea watoto watano kwenye nyumba yenye bustani. Kusema leo kwamba mboji ibaki ardhini hakuhitaji kumvua heshima hiyo. Serikali inazungumza kuhusu mpito wa haki, na kwa maoni yangu haki ya kwanza ni kuacha kuwasimulia watu hawa kana kwamba walikuwa wahalifu.

Kuna jambo moja bado linaniwasha, na ninawaandikia hasa wasomaji wa upande wa Maziwa Makuu. Ujuzi wa Bord na Móna ulisafiri mpaka kwetu. Burundi iliunda shirika lake la mboji, ONATOUR, mwaka 1977, na wataalamu wa Ireland walishiriki katika juhudi hizo za mwanzo. Wateja wakubwa wakawa kambi za jeshi na magereza. Rwanda nayo imejenga vituo vya umeme wa mboji, Gishoma huko Rusizi na kingine kikubwa zaidi huko Gisagara. Katika taarifa ninazozisoma napata megawati, tani, wafadhili na majina ya makampuni. Sipati nyumba. Kwa hiyo kama unaishi karibu na machimbo hayo, au umefanya kazi huko, au baba yako alifanya, niandikie: mchimbaji analala wapi, mkewe na watoto wako naye au wamebaki mlimani, chumba kina dirisha, maji yanatekwa wapi, na siku mboji ikiisha ile nyumba itakuwa ya nani?